Mhandisi Mkuu wa Meli: Wajibu Wake na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Sapiwi ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Wanaijua pamba, wanawajua ng'ombe, na meli hawaioni wakiwa majumbani mwao. Hata hivyo mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unalifikia Ziwa Viktoria kwa upande wa wilaya ya Busega, na mtu wa Sapiwi anayekwenda Ukerewe au Bukoba hupanda chombo cha majini kama Mtanzania mwingine yeyote.

Huko Sapiwi ndiko mwandishi alikoulizwa swali lililozaa makala haya. Mwanafunzi mmoja alileta tangazo la mafunzo ya ubaharia, akaonyesha mstari kwa kidole, akasema: "Shikamoo mwalimu. Hapa pameandikwa mhandisi mkuu wa meli. Je, huyu ndiye nahodha?" Akajibiwa kwamba siye. Akaendelea: "Basi kama siye, mbona naye anaitwa mkuu? Na wakipingana hao wawili, neno la nani husimama?" Mwalimu alitafuta jibu katika kamusi zilizokuwapo shuleni, akapata neno mhandisi, akapata neno mkuu, akapata neno meli, lakini maana ya maneno hayo matatu yakiwa pamoja hakuipata.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa faida ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao kazi zao huwakutanisha na kanuni za usafiri wa majini, matangazo ya ajira, vyeti vya mabaharia na taarifa za ajali. Kwanza tutalichunguza jina lenyewe. Kisha tutaeleza kazi za mwenye cheo hicho. Halafu tutaonyesha mitego inayomkabili mfasiri. Na mwisho tutaorodhesha istilahi tunazoona zinafaa. Mapendekezo yaliyomo ni ya mwandishi, na msomaji ana haki ya kuyapinga.

2. Jina lenyewe

Kiswahili si mgeni baharini. Neno nahodha lilitufikia kutoka Kiajemi, pamoja na serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Kutoka Kiarabu tulipata baharia, sukani na rubani. Neno zamu nalo lina harufu ya bahari: katika elimu ya mabaharia Waarabu, zam ilikuwa kipimo cha mwendo wa saa tatu. Leo mwalimu yuko zamu, mganga yuko zamu na askari yuko zamu, na hakuna anayekumbuka kwamba neno hilo lilikuwa la chomboni. Vivyo hivyo rubani, ambaye zamani aliongoza jahazi kuingia bandarini, siku hizi tunamjua zaidi kama mwendeshaji wa ndege.

Lakini majahazi hayakuwa na injini. Kwa hiyo katika utajiri wote huo wa maneno ya ubaharia hapakuwa na jina la mtu wa mitambo. Chombo cha mvuke kilipokuja, nacho kilikuja na jina lake: meli, kutokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa kuwa meli za kwanza kuzoeleka pwani ndizo zilizobeba posta. Mtu wa mitambo akaitwa injinia, fundi, au fundi mitambo, kila mahali kwa mazoea ya pale. Baadaye neno mhandisi, lenye asili ya Kiarabu, likashika nafasi ya injinia katika maandishi rasmi, na ndilo linalotumika katika makala haya.

Hapo ndipo matatizo mawili yanapoanza.

La kwanza linahusu neno mhandisi. Nchini Tanzania mhandisi ni cheo kinacholindwa na sheria: Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwasajili wenye elimu na uzoefu uliowekwa. Mhandisi wa meli hapati haki yake ya kusimamia mitambo melini kwa njia hiyo. Yeye hupata cheti cha umahiri kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa majini, baada ya masomo, mitihani na muda maalumu wa utumishi melini. Mtu anaweza kuwa mhandisi aliyesajiliwa asiruhusiwe kushika zamu hata moja katika chumba cha mitambo; na mwingine anaweza kuwa mhandisi mkuu wa meli kubwa bila kuwa na shahada ya chuo kikuu. Ofisa utumishi asiyejua tofauti hii anaweza kumkataa anayestahili au kumkubali asiyestahili.

La pili linahusu neno mkuu. Katika utumishi wa serikali, mhandisi mkuu ni daraja la mshahara, juu ya mhandisi mwandamizi, na idara moja inaweza kuwa na wahandisi wakuu kadhaa. Melini neno hilo halitaji daraja la mshahara, bali dhamana. Kila meli ina mhandisi mkuu mmoja tu kwa wakati mmoja, nayo ni lazima ijulikane ni nani. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba katika maandishi rasmi jina lisikatwe: iandikwe mhandisi mkuu wa meli kwa ukamilifu, walau pale linapotajwa mara ya kwanza.

3. Nafasi yake melini

Ili kuielewa nafasi hiyo, tuchukue mfano ambao mtu wa Sapiwi anaujua: mashine ya kusaga nafaka. Yuko mwenye dhamana ya kazi yote, anayepokea nafaka na kuamua mashine iwashwe saa ngapi. Yuko pia fundi anayejua mafuta yamebaki kiasi gani, mkanda umelegea wapi, na sauti ile ngeni inatoka katika beringi ipi. Wa kwanza anaweza kusema, "Washa." Lakini fundi akisema, "Tukiwasha sasa injini itakufa," mwenye busara husikiliza.

Melini, wa kwanza ni nahodha na wa pili ni mhandisi mkuu. Nahodha ndiye mwenye amri ya mwisho juu ya chombo chote, watu wote na shehena yote. Mhandisi mkuu yuko chini yake, naye humjibu yeye. Hilo ndilo jibu la swali la pili la mwanafunzi wetu: wakipingana, neno la nahodha ndilo husimama. Lakini nahodha hawezi kuamua vizuri asipoelezwa ukweli wa hali ya mitambo, na mwenye wajibu wa kumweleza ukweli huo, hata kama haupendezi, ni mhandisi mkuu. Mhandisi mkuu anayeficha udhaifu wa mitambo ili safari isiahirishwe amevunja wajibu wake wa kwanza.

Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu viwango vya mafunzo, vyeti na ulinzi wa zamu kwa mabaharia, ambao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010, unamweleza mhandisi mkuu kuwa ni ofisa mhandisi wa ngazi ya juu kabisa, mwenye dhamana ya mitambo inayoisukuma meli, na ya uendeshaji na matunzo ya mitambo na umeme wa meli. Mkataba huo unagawa kazi za melini katika ngazi tatu: ngazi ya usimamizi, ngazi ya utendaji na ngazi ya usaidizi. Mhandisi mkuu na mhandisi wa pili wako katika ngazi ya usimamizi. Wahandisi wengine wanaoshika zamu wako katika ngazi ya utendaji. Na mabaharia wa chumba cha mitambo wako katika ngazi ya usaidizi.

Vyeti navyo hupangwa kwa nguvu ya mitambo. Meli ambayo mitambo yake mikuu ina nguvu ya kilowati 3,000 au zaidi huhitaji mhandisi mkuu mwenye cheti cha juu zaidi kuliko meli yenye kilowati kati ya 750 na 3,000. Kwa meli kubwa za aina ya kwanza, anayetaka cheti cha mhandisi mkuu ni lazima awe ametumika melini kwa muda usiopungua miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 isiyopungua awe amekwisha kuhitimu kuwa mhandisi wa pili na kushika kazi ya dhamana. Nchini Tanzania mafunzo ya aina hii hutolewa katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

4. Kazi zake

(a) Mitambo mikuu na mitambo saidizi. Mitambo mikuu ni ile inayozungusha rafadha, yaani ule mpangilio wa mapanga ulio chini ya shetri unaoisukuma meli. Mitambo saidizi ni jenereta za umeme, pampu, mitambo ya kugandamiza hewa, ya kupoza vyakula na mingineyo. Mtambo wa usukani nao, ingawa hutumiwa na watu wa sitaha, hutunzwa na watu wa mitambo. Kanuni za usalama wa maisha baharini zinataka mtambo huo ujaribiwe katika muda wa saa 12 kabla ya meli kung'oa nanga. Mhandisi mkuu ndiye anayehakikisha kwamba yote hayo yako tayari, na ndiye anayemwambia nahodha, "Mitambo iko tayari," au, "Bado."

(b) Mafuta. Kabla ya safari, mhandisi mkuu hupiga hesabu ya mafuta yanayohitajika pamoja na akiba. Wakati wa kupakia mafuta yeye ndiye msimamizi: hupima matangi, huchukua sampuli na kupokea hati ya mafuta yaliyopakiwa. Hati hiyo huhifadhiwa melini kwa miaka mitatu, na sampuli huhifadhiwa kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli za kimataifa hayatakiwi kuwa na salfa zaidi ya nusu asilimia, isipokuwa meli yenye mtambo wa kusafisha moshi wake.

(c) Ulinzi wa maji. Chini kabisa ya meli hukusanyika maji yaliyochanganyika na mafuta. Mabaharia wetu wa kale waliijua sehemu hiyo kwa jina la ngama, na kazi ya kuyatoa maji waliiita kufua. Zamani maji ya ngama yalimwagwa tu. Siku hizi sheria za kimataifa za kuzuia uchafuzi wa bahari zinataka yapitishwe kwanza katika kitenganisha mafuta, na yanayomwagwa yasiwe na mafuta zaidi ya sehemu 15 katika kila sehemu milioni. Katika meli zenye ukubwa wa tani 400 na zaidi, kila tendo la namna hiyo huandikwa katika daftari la mafuta, ofisa aliyelisimamia hutia sahihi, na nahodha hutia sahihi kila ukurasa ukijaa. Anayeishi kando ya ziwa ambalo maji yake hunywewa na mamilioni ya watu hahitaji kuelezwa kwa nini.

(d) Matengenezo na vipuri. Injini haingoji iharibike ndipo itazamwe. Mhandisi mkuu hupanga matengenezo kwa saa za kazi za kila mtambo, huagiza vipuri mapema, na huandaa orodha ya kazi za kufanywa meli itakapopandishwa chelezoni. Wakaguzi wa mamlaka wakija, yeye ndiye anayewatembeza na kuwajibu.

(e) Watu. Yeye ni mkuu wa idara ya mitambo. Kazi za kila siku aghalabu humwachia mhandisi wa pili azigawe. Lakini ni yeye anayeweka maagizo ya kudumu, anayewafundisha walio chini yake, na anayetoa au kuzuia kibali cha kazi za hatari, kama vile kuchomelea vyuma karibu na mafuta au kuingia ndani ya tangi lililofungwa, ambamo hewa inaweza kuwa imekwisha bila mtu kujua.

(f) Dharura. Moto ukizuka katika chumba cha mitambo, mhandisi mkuu humshauri nahodha kama chumba kifungwe na kujazwa hewa ya kaboni. Hewa hiyo huuzima moto, lakini humuua pia mtu aliyebaki ndani. Kwa hiyo kabla haijafunguliwa watu wote wa idara huhesabiwa, na amri ya kuifungua hutoka kwa nahodha. Umeme ukizimika ghafla, jenereta ya dharura katika meli za abiria inatakiwa kushika kazi katika muda usiozidi sekunde 45. Na kuhakikisha kwamba itafanya hivyo ni kazi iliyofanywa na mhandisi mkuu wiki nyingi kabla ya siku hiyo.

5. Mfano kutoka Ziwa Tanganyika

Historia ya nchi yetu ina mfano mmoja unaoeleza kazi hii kuliko maelezo marefu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli na wapagazi hadi Kigoma. Kiwanda kilichoijenga kilituma watu wake watatu kuja kuiunganisha. Iliteremshwa ziwani mwaka 1915, wakati wa vita.

Mwaka uliofuata Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, waliamua kuizamisha meli yao isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi hawakuiharibu. Waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile, kisha wakaizamisha kwa utaratibu tarehe 26 Julai 1916. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua na kukuta mitambo yake bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya la Liemba, ikaendelea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Hapa kuna fundisho la kazi na fundisho la lugha. La kazi ni kwamba dhamana ya mhandisi ni juu ya mtambo wenyewe, hata siku ambayo amri inamtaka auache. La lugha ni kwamba mtambo ukibadilika, maneno nayo hubadilika. Katika enzi ya mvuke palikuwa na boila, dohani na wachochea moto. Dizeli ilipoingia, mchochea moto alikosa kazi, na jina lake likabaki katika vitabu. Mfasiri wa maandishi ya zamani asimgeuze mchochea moto kuwa fundi wa injini. Wala mfasiri wa maandishi ya leo asimrudishe boilani.

6. Mitego ya mfasiri

(a) Wajibu, madaraka na dhamana. Maneno haya matatu hutumiwa kiholela, kana kwamba ni mamoja. Tunapendekeza yatenganishwe. Wajibu ni lile ambalo mtu anapaswa kulifanya. Madaraka ni uwezo aliopewa wa kuamuru na kuamua. Dhamana ni kule kuulizwa mambo yakiharibika. Ofisa wa zamu ana wajibu wa kusoma vipimo kila saa iliyopangwa. Ana madaraka ya kupunguza mwendo wa injini kulingana na maagizo. Na ana dhamana ya zamu yake. Mtu anaweza kumwachia mwenzake wajibu fulani, naye akabaki na dhamana. Mhandisi mkuu humwachia mhandisi wa pili wajibu wa kugawa kazi, lakini mitambo ikiharibika kwa uzembe, nahodha atamwuliza mhandisi mkuu.

(b) Kupokea zamu. Kanuni za mkataba wa mwaka 1978 zina sharti moja ambalo linahitaji tafsiri ya makini sana: kwamba mhandisi mkuu akiingia katika chumba cha mitambo, ofisa wa zamu huendelea kuwa na dhamana mpaka mhandisi mkuu atamke wazi kwamba ameishika yeye, na wote wawili waelewane hivyo. Tuseme mfasiri ameandika: "Kuwapo kwa mhandisi mkuu hakumpumzishi ofisa wa zamu." Maneno ni ya Kiswahili, lakini msomaji ataelewa kwamba ofisa haruhusiwi kuketi. Ikiandikwa: "Kuwapo kwa mhandisi mkuu hakumwondolei ofisa wa zamu dhamana yake, mpaka mhandisi mkuu atamke kwamba ameipokea na wote wawili waelewane," hapana shaka inayobaki. Na shaka ndiyo inayokatazwa hapa. Watu wawili wakiwa mbele ya mtambo mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeutazama, mtambo huo hauna mlinzi.

(c) Hesabu za vyeo. Katika desturi ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyotufikia, anayemfuata mhandisi mkuu huitwa mhandisi wa pili, na baada yake wa tatu. Katika meli za Marekani, yule anayemfuata mkuu huitwa msaidizi wa kwanza, na baada yake msaidizi wa pili. Kwa hiyo msaidizi wa kwanza wa Kimarekani ndiye mhandisi wa pili wa kwetu, na msaidizi wa pili wao ndiye mhandisi wa tatu wetu. Mfasiri anayefuata tarakimu bila kuuliza hati ni ya nchi gani atampandisha mtu cheo au atamshusha.

(d) Farumi na maji. Neno farumi lipo tangu enzi ya majahazi, kwa maana ya vitu vizito vinavyowekwa chini ya chombo ili kisiyumbe. Katika meli za leo farumi aghalabu ni maji yanayojazwa na kutolewa katika matangi maalumu kwa pampu. Wengine huandika "maji ya uzito" au "maji ya chini". La kwanza halieleweki, na la pili linachanganywa na maji ya ngama. Tofauti yake ni kubwa: farumi huwekwa kwa makusudi ili meli isimame sawasawa, maji ya ngama hujikusanya yenyewe na hayatakiwi. Amri ya kujaza au kutoa farumi hutoka kwa nahodha au ofisa mkuu wa sitaha, na idara ya mitambo huhakikisha pampu na vali zinafanya kazi. Anayeambiwa "toa maji ya chini" anaweza kutoa yale yanayoishikilia meli.

(e) Sehemu katika milioni. Kiwango cha mafuta katika maji ya ngama kisitafsiriwe kwa asilimia na mtu asiyepiga hesabu. Sehemu 15 katika milioni si asilimia 15, wala si asilimia moja na nusu. Ni asilimia 0.0015. Ni salama zaidi kuandika "sehemu 15 katika milioni" na kuliacha hivyo.

7. Kwa nini maneno haya ni mazito

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya mabaharia na wao wanaelewana. Tunamkumbusha miaka miwili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Chombo kilichopinduka kilikuwa bado kinaelea kwa hewa iliyonaswa ndani. Kilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa ikatoka na chombo kikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Siku mbili baadaye mhandisi wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka.

Makala haya hayakusudii kueleza chanzo cha ajali hizo wala kumlaumu mtu. Tunazitaja kwa sababu baada ya kila ajali huja uchunguzi, na uchunguzi ni maneno: nani alikuwa na wajibu gani, nani alikuwa na madaraka ya kuzuia safari, dhamana ilikuwa ya nani saa ile. Mashahidi husema kwa Kiswahili. Kanuni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Katikati yao yuko mfasiri. Iwapo yeye hatofautishi farumi na maji ya ngama, au mhandisi wa zamu na mhandisi mkuu, ushahidi wa baharia utaharibika mikononi mwake, na funzo ambalo lingewaokoa abiria wa kesho halitapatikana.

Tena vyombo vinaongezeka ukubwa. MV Victoria, ambayo ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ilikarabatiwa na kurudishwa majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. MV Mwanza, yenye urefu wa zaidi ya meta 92 na uwezo wa idadi hiyo hiyo ya abiria pamoja na magari, iliteremshwa majini Februari 2023. Meli kama hizi zinahitaji wahandisi, na wahandisi hao ni watoto walio shuleni, baadhi yao Sapiwi. Mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hana neno la kuitaja.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Mhandisi mkuu wa meli: ofisa wa juu kabisa wa idara ya mitambo melini, anayewajibika kwa nahodha.
Mhandisi wa pili: ofisa anayemfuata mhandisi mkuu kwa cheo, na anayeshika nafasi yake akishindwa kufanya kazi.
Ofisa mhandisi wa zamu: mhandisi mwenye dhamana ya chumba cha mitambo kwa muda wa zamu yake, kwa niaba ya mhandisi mkuu.
Kukabidhi zamu, kupokea zamu: kumwachia mwingine dhamana ya zamu, kuishika dhamana hiyo. Yote mawili hufanywa kwa kutamka.
Cheti cha umahiri: hati ya mamlaka ya usafiri wa majini inayomruhusu mtu kushika cheo fulani melini.
Mitambo mikuu: mitambo inayoisukuma meli.
Mitambo saidizi: mitambo mingine yote inayotegemewa na meli na watu wake.
Rafadha: chombo chenye mapanga kinachozunguka majini na kuisukuma meli.
Mhimili wa rafadha: chuma kirefu kinachounganisha injini na rafadha. Mafundi wengi huiita shafti, na neno hilo lisikataliwe.
Ngama: sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, yanapokusanyika maji machafu.
Farumi: uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisimame sawasawa, uwe wa mawe, mchanga au maji.
Kitenganisha mafuta: mtambo wa kutoa mafuta katika maji ya ngama kabla hayajamwagwa.
Batli: kumbukumbu za safari ya chombo. Neno hili la zamani linafaa kufufuliwa; batli ya mitambo itakuwa daftari la vipimo na matukio ya chumba cha mitambo.
Chelezo: mahali pa kupandishia au kukaushia meli ili itengenezwe.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mhandisi mkuu wa meli si nahodha, si fundi wa kawaida, wala si daraja la mshahara. Ni mtu mmoja katika kila meli ambaye mitambo, mafuta, umeme na watu wa chini ya sitaha wako katika dhamana yake, na ambaye humwambia nahodha ukweli. Tumeona pia kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazohitajika tunazo tayari: zamu, ngama, farumi na batli zilikuwa zinatumika pwani kabla ya injini ya kwanza kufika. Mtunga istilahi asikimbilie kuunda neno jipya kabla hajawauliza wazee wa bahari.

Kuhusu mwanafunzi wa Sapiwi, alipewa jibu aliloweza kulichukua: nahodha huamua meli iende wapi, na mhandisi mkuu huhakikisha kwamba inaweza kwenda. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwalimu, huyu wa pili ndiye asiyeonekana na abiria." Ndivyo ilivyo. Naye asiyeonekana anahitaji jina lililo wazi zaidi kuliko anayeonekana. Wasomaji wenye maneno mengine yanayotumiwa na mabaharia wa Mwanza, Kigoma, Tanga, Unguja na kwingineko wanaombwa wayatume, ili orodha hii isahihishwe.